Utani Nilioufuta

Nairobi

Kaka Bakari,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje baada ya kupulizia salfa mikorosho? Na mama anakula, au bado anasukuma sahani tangu tumzike shangazi? Nasema "tumzike" kana kwamba nilikuwepo, wakati nyie mliniambia baada ya siku tatu. Mimi mzima wa mwili tu. Roho imechafuka.

Usishangae kuona karatasi. Haya nimeyaandika kwenye simu mara mbili, yakafutwa kabla hujayaona.

Kazi yangu sikuwahi kuwaeleza vizuri, niliwaringia kiyoyozi tu. Siku nzima nasoma maneno ya watu mtandaoni, majina yakiwa yamezibwa. Nikiona tishio nabonyeza "futa", na mashine inajifunza kwangu, kesho inafuta yenyewe. Walinichukua kwa sababu najua Kiswahili cha kwetu kusini.

Basi siku moja ukaja ujumbe: "Bibi huyu hazikwi leo! Tunamkamata maiti wetu mpaka mtupe jogoo. Mkituchelewesha tunawafukia na nyie humo humo." Kaka, nilicheka peke yangu. Nilijua ni mtani anapiga hodi msibani. Nikamwita msimamizi nikamweleza utani ni nini, kwamba kwetu mtani huja msibani kuwachekesha wafiwa na kudai jogoo, wala hamdhuru mtu. Akasema, "Kuna maiti, kuna kufukia watu. Kanuni haina kicheko." Nikabonyeza. Niliogopa kufukuzwa.

Mchana ule ule mwenye ujumbe akalalamika: "Mimi ni mtani wao. Simu inasema nimetishia kuua, na taarifa zangu zimehifadhiwa. Niko Nachingwea, naogopa kuja Ruangwa nisije nikakamatwa mbele ya jeneza. Marehemu mwenyewe kanitukana miaka yote, yule muuza vitumbua wa stendi."

Niliposoma vitumbua na stendi nikamkumbuka shangazi na karai lake pale stendi ya Ruangwa. Nikajiambia wauza vitumbua pale ni wengi. Nikayakataa malalamiko yake.

Ndipo ukanipigia kwamba shangazi ameshazikwa. Ukasema Mzee Nampoto, mtani wetu wa Nachingwea, katususa, msiba mzima kimya, hakuna aliyevaa gauni la marehemu akamwigiza anavyotembea, na mama kaapa mzee yule asikanyage tena kwetu. Nikasingizia mtandao mbaya, nikakata simu. Kaka, hakutususa. Mimi ndiye niliyemzuia, na shangazi kazikwa kama mtu asiye na watani.

Nimemwomba msimamizi amfungulie. Kasema mashine imeshajifunza, na hapa hakuna anayejua namna ya kuisahaulisha. Kwa hiyo kila mtani wa Ruangwa na Nachingwea atakayeandika vile atafutwa, hata siku ambayo mimi sipo kazini.

Nakuomba umsomee mama barua hii yote, usiruke hata tusi moja. Kisha umpeleke Nachingwea, akae na Mzee Nampoto, wasikilizane. Mzee ana umri ule, na mama ni mbishi. Wasije wakafa wamenuniana kwa kidole changu.

Nisalimie wifi, mkeo, umwambie nguo za mtoto nimezipata. Msalimie bibi kule Mkotokuyana, ila haya usimwambie, presha yake naijua.

Mama akinilaani, niandikie alivyosema kwa maneno yake mwenyewe. Usinifutie hata neno.

Mdogo wako niliyekosa,
Somoe