Kiti Kimoja cha Kwenda Mshtarii

Jumatatu, 2 Juni 2025

Jalada limefika! Inosenti kanitumia kwa simu saa za kazi, nikapiga yowe hapo hapo kwenye dawati la buking. Nilikuwa naongea na mteja wa Uholanzi, akaniuliza kama kuna simba ofisini. Nikamwambia hapana, kuna kitabu.

MORANI WA MSHTARII NA HADITHI NYINGINE. Chini yake jina langu, Hyasinta Tluway, herufi za njano, kubwa! Kijana wa Kimasai na shuka lake jekundu, kakaa kwenye chombo cha angani, kiti kimoja tu, na nyuma yake Mshtarii yenyewe na milia yake.

Jioni nikamwonyesha mume wangu, Baba Eva. Kaangalia weee. Mbona yuko peke yake? Nikamwambia ndiyo hadithi yenyewe, Patrisi! Sitonik wa Piyaya katumwa Mshtarii, chombo ni cha mtu mmoja, safari miaka sita. Ukurasa wa arobaini na moja anafungua nyama yake, anakula huku anaitazama dunia imekuwa ndogo kama punje ya mtama, na analia. Inosenti ni mhariri, mtu mgumu, hajawahi kunisifia koma – kasema pale alilia. Mimi nililia wakati naandika. Kwa hiyo mnalia wote, kasema Baba Eva, akarudi kwenye ugali wake.

Kitabu changu cha kwanza! Miaka nimeandika alfajiri kabla ya kwenda kuwauzia wazungu safari. Ijumaa ya wiki ijayo kinaingia mtamboni. Nikifa kabla ya hapo nitakasirika sana.

Jumatano, 4 Juni

Nimehojiwa redioni! Mtangazaji kanitambulisha vizuri, kisha akauliza: hizi hadithi za kisayansi zinamsaidiaje mkulima? Nikataja ile ya pampu ya maji mwezini. Simu zikafunguliwa, akapiga mama mmoja wa Rhotia, anauliza hiyo pampu inapatikana duka gani na kama wanakopesha.

Ofisini sasa naitwa Mama Mshtarii. Bosi kasema nibandike tangazo la uzinduzi mapokezi, pembeni ya bei za kushuka kreta. Naipenda kazi yangu leo.

Jumamosi, 7 Juni

Siku ya mnada. Siku mbaya. Ngoja niandike kwa utaratibu.

Nashipai nilimpa pruufu, nakala ya kusahihishia, wiki iliyopita. Rafiki yangu tangu sekondari, sasa ni daktari wa mifugo, kwao Piyaya – nikasema nani atafurahi kuliko yeye? Kanikuta kwenye vibanda vya nyama choma. Alianza kucheka kabla hajakaa. Nikafurahi, nikamuuliza kichekesho kipi, maana kwenye hadithi ile sikuweka hata kimoja.

Kasema: Hyasinta wewe, huyo Sitonik wako anakufa njaa kabla hajamaliza mawingu.

Morani hali chakula peke yake. Ndivyo alivyosema. Hanywi hata maziwa peke yake! Lazima awepo mwenzake wa rika, ama sivyo anakaa na njaa yake. Kabisa? Kabisa. Hata kama hakuna mtu mwingine? Hapo ndipo kwenye mwiko wenyewe, dada – usishibe wakati mwenzako hujui kama amekula.

Nikageuka. Nyuma ya vibanda vijana wa Kimasai walikuwa wanakula nyama yao pamoja, kama kila mnada, kama maisha yangu yote. Mimi nimezaliwa Karatu! Nimewaona hivyo tangu nabebwa mgongoni. Nilidhani wanapendana tu.

Ukurasa wangu mzuri kuliko yote ni ukurasa ambao hauwezekani. Nilimnunia Nashipai na nikala nyama yake.

Jumapili, 8 Juni

Baba Eva kasema niongeze kiti. Anaongea utadhani ni pikapu! Nikimweka wa pili, upweke unakwisha, na upweke ukiisha hakuna hadithi. Nimemweleza kuanzia nyumbani mpaka kanisani. Kwenye maombi nikajikuta namwombea Sitonik apate chakula. Mungu anisamehe, kulikuwa na wagonjwa wa kuombewa.

Jumatatu, 9 Juni

Nimempigia Inosenti. Kaniuliza, nani atajua? Nikasema Wamasai watajua. Wamasai wangapi watasoma, dada Hyasinta? Nikamkatia simu! Halafu nikampigia tena, maana ndiye anayenichapia.

Akasema basi, badilisha kabila, mfanye Mmbulu kama wewe, jalada tutarekebisha shuka.

Nimejaribu jioni hii. Sitonik kawa Dickson wa Rhotia. Dickson kafungua chakula, kala, kashiba, kafuta mdomo, kalala. Mistari miwili! Sisi ukitupa ugali na mboga tunakula hata tukifungiwa stoo. Baba Eva kasema huyo Dickson anamwelewa sana.

Nimemfuta Dickson.

Jumatano, 11 Juni

Nimepata! Mashine! Chombo kinaongea, si ndiyo? Kimeundwa mwaka ule ule ambao vijana wa kina Sitonik waliingia umorani. Basi chombo ni mwenzake wa rika. Kila akila, chombo nacho kinapokea umeme wake, wanakula pamoja, kiti kinabaki kimoja. Nilicheza peke yangu jikoni.

Nikamtumia Nashipai sauti. Yuko kwao tangu jana, akamwekea mjomba wake, Mzee Sairowua, asikilize. Jibu limekuja nikiwa kazini, Mzee anaongea Kimaa, Nashipai anatafsiri huku kicheko kinamkaba: Mzee anauliza, hiyo mashine ilitahiriwa lini?

Nimecheka mpaka nikalaza kichwa kwenye kibodi. Mteja wa Ubelgiji kapokea barua yenye herufi j ukurasa mzima.

Kisha ikaja sauti ya pili, fupi. Mzee anauliza, na yule kijana ameshakula? Tangu aliposimuliwa habari zake anamfikiria.

Hapo sikucheka tena.

Alhamisi, 12 Juni

Nimemwomba Inosenti asichape kesho. Kafoka, haki yake. Kanipa mpaka Jumatatu asubuhi. Nisipoleta ukurasa wa arobaini na moja uliopona, Sitonik anatolewa kitabuni na jalada lake, na kitabu kinaitwa PAMPU YA MWEZINI.

Pampu! Nitakuwa mwandishi wa pampu mpaka kaburini.

Ijumaa, 13 Juni

Nashipai kaja mjini kuchukua chanjo, kesho anarudi Piyaya kuchanja. Kasema twende, ukawasomee mwenyewe, Mzee ameshawaambia watu. Watu gani? Watu!

Naogopa. Mmbulu, mwanamke, naenda kuwasomea Wamasai habari za morani wao tena nikiwa nimekosea. Baba Eva kanifungia chapati za njiani nisife njaa kama Sitonik, akasema: Mama Eva, babu zetu na babu zao waliibiana ng'ombe tu, wewe umeiba morani mzima. Karudishe.

Jumamosi, 14 Juni

Piyaya. Naandikia ndani ya gari la Nashipai. Niandike haraka kabla sijasahau hata neno.

Kreta ilitupitisha kwenye ukungu, masweta mawili na bado natetemeka. Huku chini ni vumbi mpaka kwenye meno. Asubuhi yote Nashipai kachanja, mimi nimeshika boksi la chanjo na kusoma ukurasa wangu moyoni. Mwalimu mmoja kaniuliza kama mimi ndiye msaidizi wa daktari. Nikasema ndiyo! Mwoga mimi.

Ng'ombe walipoisha watu wakakaa hapo hapo, pembeni ya kibanio cha kuchanjia. Wazee mbele, akina mama upande wao, morani wamesimama na fimbo zao. Nikasoma, Nashipai akageuza Kimaa kidogo kidogo. Roketi ilipowaka walicheka. Sitonik alipoita ng'ombe wake kwa majina usingizini walicheka zaidi, na mzee mmoja akauliza rangi ya yule wa tatu. Nikambunia. Kakubali.

Kisha ukurasa wa arobaini na moja. Sikuubadilisha, nina la kubadilisha? Sitonik kafungua nyama. Kaiweka mdomoni. Mama mmoja akafunika uso kwa kanga yake. Nikajisemea, Hyasinta umekwisha, tafuta mlango wa gari.

Mzee Sairowua akasimama. Mfupi, kofia ya sufu, simu inaning'inia shingoni. Nilingoja anigombeze kwa ule mwiko. Akauliza: nani alimruhusu mtoto wetu aondoke peke yake?

Nikasema serikali, ile ya kwenye hadithi. Akatikisa kichwa. Hakuuliza habari za serikali. Nani?

Nikasema: ni mimi, baba.

Haya, akasema, basi tumtafutie mwenzake.

Nikaeleza kwamba haiwezekani. Kiti ni kimoja! Hewa ni ya mtu mmoja! Nikachuchumaa nikawachorea chombo chini kwa kijiti, hapa kiti, hapa mtungi wa hewa, ukuta. Walinivumilia kama wanavyomvumilia mnunuzi anayelia bei. Nikamaliza. Morani mmoja mrefu, jina lake Ngoyai, akasema yeye atakaa sakafuni.

Mwingine akamsukuma, akasema yeye ni mwembamba, atafaa zaidi. Na hewa? nikauliza. Hewa watagawana, si nyama wanagawana? Wa tatu akaja mbele, wa nne, wanasukumana na kucheka, fimbo zinagongana – kwenda Mshtarii, miaka sita! Kwa ajili ya mtu ambaye nilimtunga jikoni! Hakuna aliyeuliza huko kuna nini. Wamekasirika kidogo tu kwamba wamechelewa kuambiwa.

Nililia mbele ya wazee na ng'ombe. Ule ukurasa nililia nikijua nalia vizuri, hata nikapenda. Leo kamasi zilinitoka na sikuwa na kitambaa.

Na hadithi ndiyo hii! Wawili, kiti kimoja, hewa ya mmoja. Wanakaa kwa zamu. Wanakula. Inosenti atachapa, lazima achape! Nimewaomba dakika nikakimbilia garini kuandika. Huko nje bado wanabishana nani aende, nasikia Mzee Sairowua anawanyamazisha na wao hawanyamazi.

Nashipai kagonga kioo. Amepatikana, kasema. Ni yule Ngoyai wa sakafuni, wazee wamekubali. Ila mama yake amekataa.

Nikacheka. Nashipai hakucheka.

Anakuja. Ndiye yule mama aliyefunika uso. Anaitwa Nanyokie, na Ngoyai ndiye mwanawe wa mwisho. Watu wamempisha njia. Nimemwamkia takwenya kwa Kimaa changu kibovu, akaitika iko, vizuri kabisa, hana hasira. Ameinama dirishani, ameuangalia mchoro wangu kule chini, akaniangalia mimi, akauliza. Nashipai ametafsiri taratibu: hiyo hewa ya mtu mmoja wakiigawana wawili, mwanangu anarudi?

Sijawahi kuandika kurudi. Hadithi inaishia huko huko juu, nilidhani ni pazuri.

Naandika huku najifanya napiga hesabu. Yeye kashika mlango wa gari, anasubiri.