Si Mimi Niliyekata Simu ya Posa

Kilwa Masoko,
Jumatatu asubuhi.

Kwa mdogo wangu mpendwa Skolastika,

Amani ya Bwana iwe nawe na wote walalao chini ya paa lako. Kwanza kabisa pokea marahaba yangu kwa shikamoo ambayo najua umenitolea moyoni, hata kama mdomo umeizuia kwa hasira. Natumaini kifua cha shemeji kimepata nafuu na mikorosho ya Rutamba imechanua vema. Mimi ni mzima, isipokuwa goti, ambalo bado halinipi ruhusa ya kupanda basi.

Naomba radhi kwa kuchelewa. Siku tisa zimepita tangu posa ya binti yetu Tekla, nawe ulistahili maelezo siku ya pili yake. Sikutaka kukuletea udhuru kabla sijaujua ukweli. Sasa naujua.

Sijasahau maneno yako uliponipigia jioni ile. "Kaka, umetuaibisha! Mshenga kaondoka bila kugusa chai. Anasema mjomba aliyekata simu mara tatu ameshajibu." Nilipojitetea kwamba ni mtandao, ukanicheka: "Mtandao gani huo unaojua kukata palepale mtu anapoulizwa?"

Swali lako lilikuwa la haki, dada. Kwetu mwana haozwi bila neno la mjomba wake, na mjomba akinyamaza, amekataa. Ndiyo maana sikuthubutu kulipuuza.

Unafahamu kwamba mwanangu Gaudensi, kabla ya kurudi kazini Dodoma, aliniwekea ruta, yaani kile kisanduku kinachogawa mtandao humu nyumbani, ili aweze kuniona kila Jumapili. Siku ya posa nilijiandaa kama mtu anayekwenda kanisani. Nilivaa koti, nikafagia sebule, nikaketi mbele ya simu. Mambo yakaenda vizuri wakati wa sala, wakati wa salamu, hata wakati shemeji alipoeleza ukoo. Kisha mshenga akakohoa, akasema, "Mjomba, kijana wetu anatafuta jiko, na moshi tumeuona kwako." Hapo picha yake ikaganda, mdomo wazi. Nikazima ruta, nikaiwasha, tukaonana tena. Akarudia kuanzia salamu, maana ni mtu wa adabu, na alipofika kwenye moshi, ikakata. Mara ya tatu hakufika hata kwenye moshi.

Basi nikaanza uchunguzi. Mapadre walitufundisha kwamba anayetafuta kosa aandike kwanza anachokiona, nami nikachukua daftari. Siku tatu niliandika kila taa ya kijani ilipogeuka nyekundu. Niliwapigia wenye mtandao. Wakaniambia nizime, nihesabu hadi thelathini, niwashe. Nilihesabu kwa uaminifu, na kila mara ilipona kwa muda mfupi tu. Nikabadilisha waya. Nikamshuku jirani kwamba anatumia mtandao wangu, nikabadilisha neno la siri; naye hana hata simu ya kuperuzi, Mungu anisamehe. Daftari lilinionyesha jambo moja: asubuhi na mapema mtandao hudumu, lakini runinga ikishawashwa kwa muda, hukata.

Nikamwita Bi Mwajuma, fundi wa simu pale sokoni, mama wa makamo mwenye ulimi mwepesi. Hakufungua hata begi lake. Alisimama mbele ya runinga, akauliza, "Mzee wangu, ruta iko wapi?"

"Hiyo hapo, juu ya king'amuzi, chini ya kitambaa."

Akaingiza mkono, akautoa upesi. "Yesu wako na Mtume wangu! Hiki kitu kina homa! Kimekalia jiko, nawe umekifunika blanketi!"

"Si blanketi, mama. Ni kitambaa alichodarizi marehemu mke wangu. Hapa kila kitu cha thamani hufunikwa."

"Hata kwangu redio imefunikwa, sikucheki. Lakini hiki kinatoa joto, kinataka kupumua. Kikizidiwa kinazimika. Siku ya posa ulikifunika hivihivi?"

Ikabidi nikiri, dada, kwamba siku ya posa, kwa heshima ya wageni, nilikikunja kitambaa mara mbili.

Bi Mwajuma alicheka hadi akakaa. "Basi mshenga wa watu umemfukuza wewe mwenyewe, kwa adabu zako!"

Tuliihamishia ruta kwenye kigoda karibu na dirisha, ikiwa uchi kama ilivyoumbwa. Leo ni siku ya nne. Nimeiacha inafanya kazi tangu alfajiri hadi usiku, runinga ikiwa imewashwa, na taa haijageuka nyekundu hata mara moja. Jana nilizungumza na Gaudensi hadi yeye akachoka.

Kwa hiyo mwambie mshenga hivi, na umsomee polepole: mjomba hakukata simu. Mjomba anaomba msamaha kwa chai iliyopoa. Tekla aliponipigia mwezi uliopita aliniambia kwa kinywa chake kwamba kijana huyo anampenda naye anampenda, na kwangu hilo ndilo lililobaki kuulizwa. Neno langu ni ndiyo. Nimeliandika kwa wino, likae. Waje tena Jumamosi, nitakuwa mbele ya simu, nalo nitalirudia mbele ya wote.

Nisalimie shemeji yangu mkulima hodari, mama mkwe wako mwenye kuona mbali bila miwani, na bibi harusi wetu. Mwambie Tekla kitambaa cha mkaza mjomba wake nimekifua na kukipiga pasi. Ni chake sasa. Akitandike mezani, asikitandike juu ya chochote chenye waya.

Mimi kaka yako nikupendaye,
Benedikto

Barua hii na kitambaa anavileta Bi Mwajuma mwenyewe, anayekwenda Lindi kununua vipuri na amekubali kufika hadi Rutamba. Mshenga akiwa bado na shaka, na amuulize yeye. Mkono ulioungua ni wake.