Koili ya Mkono wa Kushoto

Mume wangu Shem,

Joto la Doha likoje? Ivyne anakusalimia kwa meno mawili.

Ulisema hii mashine niliyoichora ya kupandisha volti za sola ikinishinda, tuhamie kwa mama yako kule Kimilili. Karibu nifungashe. Nilipoiwasha, volti ziligoma kupanda. Waweru, mwenye karakana, akanicheka: "Mama Ivyne, koili uliizungusha ukiwa umelala?"

Nikakumbuka koili ina nyaya mbili, na waya wa pili niliuzungusha kwa mkono wa kushoto, nikinyonyesha. Ulienda kinyume na wa kwanza, nyaya hizo zikawa zinapingana. Nikageuza ncha zake. Volti kumi na mbili zikapanda mpaka mia nne! Waweru ameniajiri.

Mama tutamtembelea Krismasi. Kuhama ndiyo sitahama, mpenzi. Ukirudi, utatukuta hapa hapa mtaani Woodley.

Wako, ingawa nasinzia,
Nasimiyu