Waya Uliopita Chumbani Kwangu

Jumamosi, mwishoni mwa Juni. Joto la Brampton, huku Kanada, limenibana tangu asubuhi. Nimefungua dirisha langu dogo la besimenti, chumba cha chini ya nyumba, lakini hakiingii kitu ila harufu ya majani aliyokata jirani.

Leo nimeona wivu. Naandika hivyo hivyo, bila kuzunguka.

Mwanamke mzima, bibi wa wajukuu wawili, nimemwonea wivu mwanamke mwenzangu kwa sababu ya soketi ya umeme.

Naishi na binti yangu Neema, mumewe Kelvin, na watoto wao, Amani na mdogo wake Tumaini. Nilikuja kutoka Morogoro Amani alipozaliwa, na sikurudi tena. Mimi ndiye ninayemsuka Tumaini nywele. Mimi ndiye ninayesimama barazani basi la shule linapowashusha, theluji iwepo isiwepo. Nawasemesha Kiswahili, wananijibu Kiingereza, na tunaelewana vizuri tu.

Mama Kelvin ni mkwe wangu, mama yake huyo Kelvin. Ni Mkenya wa Nakuru, mjane, muuguzi mstaafu. Miaka yote alikuwa Edmonton, mbali, na mimi nilikuwa nampenda sana akiwa huko. Mwaka jana aliuza nyumba yake akanunua karavani, yale magari makubwa yenye kitanda, jiko na choo humo humo ndani. Jumatano jioni alifika nalo hapa, ameliendesha mwenyewe nchi nzima. Umri wetu ni mmoja. Mimi hata baiskeli sijui.

Watoto waliposikia honi waliacha wali wangu mezani wakatoka mbio. Tangu hapo ni Shosho hivi, Shosho vile, ndivyo wanavyomwita bibi yao huyo wa Kenya. Shosho ana kitanda kinachokunjwa kuwa meza. Shosho ameona dubu barabarani. Shosho anatengeneza chapati kwenye jiko dogo kama la mwanasesere.

Chapati zangu hakuna aliyewahi kuzisimulia.

Jana ilikuwa Ijumaa. Kila Ijumaa Tumaini hulala kwangu. Jana nilimsikia akishuka ngazi, nikasogea kumpisha kitandani. Kumbe alikuja kuchukua mto wake. Akanibusu, akapanda juu, akaenda kulala kwenye karavani.

Nililikunja blanketi lake nikaliweka kabatini, nikalitoa tena, nikalirudisha.

Sasa habari ya soketi. Karavani ilikuwa inavuta umeme kwa waya mrefu kutoka gereji. Mama Kelvin akiwasha kiyoyozi na birika kwa pamoja, breka, ile swichi ya kukata umeme, inaruka, nusu ya nyumba inazimika. Kwa hiyo Kelvin akamwita fundi aweke soketi maalumu nje ukutani, ya karavani peke yake, yenye breka yake.

"Ili Mama awe anakuja kila kiangazi," alisema wakati wa chai, "akae anavyotaka."

Alisema kwa furaha ya mtoto aliyemkumbuka mama yake. Nami nikakiweka kikombe mezani kabla sijamaliza chai. Mgeni aliyewekewa soketi yake ukutani si mgeni tena.

Fundi alifika asubuhi, Mkongo mpole anayesali na Kelvin. Boksi la breka liko chumbani kwangu, nyuma ya kabati la nguo. Akalitazama, akapima dari kwa macho, akasema, "Mama, minaomba ruhusa. Ntatoboa hapa, waya ipite juu ya kitanda, itokee inje."

Juu ya kitanda changu!

"Haiwezekani," nikasema. "Vumbi. Nina kifua."

Neema akageuka. "Mama, kifua kimeanza lini?"

"Kimeanza."

Fundi akaeleza kwamba njia nyingine ni kutoa waya upande wa pili na kuuzungusha nyumba nzima kwa bomba nje. Kazi hiyo si ya leo, na mwezi huu hana nafasi tena. Kelvin akasema tu, "Sawa, tusimsumbue Mama." Wakapanda juu wote watatu.

Nilikaa kitandani. Kifua changu ni kizima kabisa. Nilidhani nitafurahi.

Haukupita muda nikasikia miguu mizito kwenye ngazi. Mama Kelvin. Hakubisha hodi, na hakukaa.

"Mama Neema, hiyo si maneno ya vumbi," akasema. "Ni mimi."

Nikamwambia sijui anazungumzia nini.

"Mimi nimekuwa nesi miaka mingi. Mtu mwenye kifua namjua akipanda ngazi." Akatazama kitanda changu, picha za watoto ukutani, vibanio vya nywele vya Tumaini juu ya meza. "Wacha nikuambie kitu, na ukitaka kukasirika, kasirika. Usiku mtoto aliamka akalia. Alikuwa anataka Bibi. Nikamwambia Bibi amelala, asikusumbue. Nikamshika mpaka akachoka kulia."

"Ungemleta," nikasema. "Ngazi ni hizi hapa. Ungemleta!"

"Najua. Sikutaka kukuletea."

Niliinuka. Nilikuwa na hasira ya kweli, ile ya kumtoa mtu mlangoni. Mjukuu wangu analia ananitaka, nami nimelala huku chini nikijionea huruma! Lakini yeye hakurudi nyuma wala hakujitetea.

"Huyu mtoto hata hajui wimbo mmoja niliomwimbia mimi," akasema. "Nikifika hapa, ninapewa kiti kama mgeni. Wewe hupewi kiti na mtu. Nikauza nyumba ndio niwe karibu, sasa nimefika na bado nalala nje kwa barabara kama muuza mboga."

Miaka yote hii, kwenye simu, alikuwa anacheka nami tu na kunishukuru kwa kumlelea wajukuu. Sikuwahi kujiuliza alikuwa anahisi nini akishakata simu.

Hatukukumbatiana, wala sitaki kudanganya hapa kwamba tulilia. Nilimwambia jambo moja: mtoto akinitaka usiku, analetwa, hata kama ni saa ngapi. Akasema sawa. Kisha nikamwambia ashike upande ule wa kabati, tulivute, fundi apate nafasi.

Kabati lile ni zito. Alilivuta kwa nguvu kuliko mimi.

Fundi alirudi na mashine yake akatoboa. Vumbi lilijaa kweli, tukakohoa wote wawili. Mchana ulipita kwa kelele. Waya sasa unapita pembeni ya dari yangu, ndani ya bomba jeupe, unatokea ukutani mbele ya gereji, kwenye boksi la kijivu lenye mfuniko wa kuzuia mvua. Fundi alichomeka plagi, akawasha breka, taa za karavani zikawaka na kiyoyozi kikaanza kuvuma. Amani akapiga makofi. Tumaini akaruka akamkumbatia Shosho kiunoni.

Nami, nikiwa nimesimama barazani, niliusikia wivu uleule ukipanda tena. Haukuwa umeenda popote.

Jioni nilikuwa nafagia vumbi chumbani Mama Kelvin aliposhuka tena. Safari hii alibisha hodi. Wiki ijayo, baada ya mkaguzi wa umeme kupita, anawapeleka watoto ziwani, upande wa Georgian Bay, siku mbili tatu. Alisimama mlangoni akichezea ufunguo wa gari.

"Kiti cha mbele hakina mtu," akasema. "Neema na Kelvin wako kazini. Watoto wanakaa nyuma."

Nikamwambia nitafikiria.

"Fikiria. Lakini kama unakuja, usilete sufuria zako. Jiko ni dogo."

Akaondoka. Nilicheka peke yangu, kisha nikakasirika tena kwa sababu ya zile sufuria.

Sijui nifanye nini. Nikibaki, nitakaa dirishani nikihesabu wanachokula na nani kawafunika. Nikienda, nitakaa kando yake barabara nzima, watoto wakisikiliza kila neno. Nitamwambia nini mwanamke huyu, sasa kwa kuwa tumeshaambiana ukweli?

Jibu atalipata asubuhi. Nadhani nitaenda.