Rekodi ya Pili Ni ya Kwetu

Jumatatu, 4 Machi 1974

Mazoezi baada ya kufundisha shuleni, kwenye gereji ya Baba, hapa Gatitu. Baridi ya kukata vidole. Mume wangu Karanja kwenye gitaa la umeme, mimi kwenye ngoma. Mama amegonga mabati kutoka nje: ati ng'ombe hatoi maziwa kwa sababu yetu. Kila Jumatatu ng'ombe yuleyule, kosa lilelile.

Tuko wawili tu. Watu huuliza wengine wako wapi. Tunawaambia wako njiani.

Ramesh, anayeturekodi, anataka rekodi nzima ya pili. Ya kwanza tuliipa jina la baba yake Karanja, Ndirangu. Mama mkwe kule Tetu huiita "mume wangu", kama anavyomwita mjukuu wake aliyepewa jina hilohilo. Kila Jumapili anaifuta vumbi kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa. Mzee mwenyewe ameanza kuona wivu.

Jumatano, 6 Machi

Tumeenda kwa Ramesh mjini. Mbele ni duka la nguo, nyuma ndiyo studio, katikati ya majora ya vitambaa. Mashine yake ya kurekodi ameifunika blanketi ya mtoto. Anasema tuanze wiki ijayo.

Nina wimbo wangu. Wa kwanza kuutunga mwenyewe. Unaitwa "Washa Tena". Mdundo wake ni lori la Baba likikataa kuwaka asubuhi: linakohoa, linanyamaza, linakohoa tena, halafu linanguruma. Nilimpigia Karanja kwa ngoma. Akasema ni mzuri sana. Alisema huku akitazama tairi iliyoegemea ukuta.

Ningepaswa kujua hapohapo.

Jumamosi, 9 Machi

Nimejua leo. Ramesh ndiye aliyeropoka akidhani naelewa kila kitu. Karanja amekubali mpiga ngoma mwingine, Murithi, wa bendi ya hoteli moja kule Nanyuki. Mimi nitaitikia tu. Na kupiga makofi. Makofi! Na rekodi itaitwa "Karanja na Wenzake". Wenzake gani?

Nimekasirika mpaka masikio yanawaka. Nimepika githeri bila chumvi makusudi. Amekula yote na kunishukuru. Hiyo ndiyo imeniudhi zaidi.

Jumapili, 10 Machi

Kutoka kanisani sikurudi nyumbani naye. Nikaja kwa Mama. Alinipa maharagwe nichague.

Gereji inaonekana kutoka jikoni. Tangu tumzike Baba mwaka juzi, Mama hajaingia humo hata siku moja. Hufika mlangoni, anagonga mabati, anarudi. Zamani alikuwa akisimama hapahapa dirishani kumwita. Baba alikuwa hatua chache tu, lakini kila jioni alichelewa, na kila jioni Mama alimkaripia kwamba chai imepoa. Tulikuwa tunacheka. Baba naye alicheka, akainywa ikiwa baridi.

Nikichagua maharagwe, nikakumbuka. Kwa mila yetu, mtoto wa kwanza hupewa jina la upande wa mume. Wa pili ni wa kwao mke. Hata chizi wa sokoni anajua hivyo.

Rekodi ya pili ni ya kwetu. Jina ni la Baba. Na kama jina ni la Baba, ngoma ni zangu.

Jumanne, 12 Machi

Nimeomba ruhusa shuleni, nimekwenda Tetu. Mke haendi kwa wakwe kumshtaki mume, hiyo ni aibu. Kwa hivyo sikushtaki. Nilibeba sukari, nikamsalimu mama mkwe, nikasifu majani yake ya chai. Halafu nikasema tu kwamba wa pili anakaribia kuzaliwa, na bado hatujasikia jina la kwetu likitajwa.

Akaweka chini kiondo alichokuwa akisuka. Akauliza nani analea huyo mtoto. Nikamwambia, mtu wa Nanyuki.

Atakuja Alhamisi. Nimerudi nikiimba njia nzima. Mungu anisamehe.

Alhamisi, 14 Machi

Amekuja. Amevaa nguo ya kanisani. Amepita katikati ya wateja wa Ramesh mpaka nyuma, akamkuta Murithi anafunga ngoma zake na Karanja anakaza nyuzi. Hakusalimu.

"Wewe Karanja, ile ya kwanza tuliita babako, na hakuna mtu alikataa. Hii ni ya kwao Nyawira. Ama siku hizi tunaiba mtoto ya watu?"

Murithi ndiye aliyecheka wa kwanza. Alisema yeye mwenyewe ni mtoto wa pili, jina lake limetoka upande wa mama yake, na hataki laana ya mtu. Akafungua alichokuwa amefunga. Mtu mwema sana. Ameniachia sahani ya shaba ya ngoma zake niitumie, kwa sababu yangu ina ufa.

Ramesh aliinua mikono. Kwao shangazi ndiye humpa mtoto jina, na hakuna mwanamume anayebishana naye pia.

Karanja akaacha kukaza nyuzi.

"Ile siku tulipiga Naro Moru," akasema, "yule mtu aliuliza kama mimi ni mvivu, bibi yangu ndio anapigapiga kazi yote. Watu wakacheka. Nimeshindwa kusahau."

Mimi hata sikusikia siku ile. Nilikuwa napiga ngoma. Nikamhurumia, hasira ikaisha, ingawa sikutaka iishe haraka hivyo. Mama mkwe akamwambia wacha wacheke, walikuwa wamelipa kiingilio.

Jumamosi, 16 Machi

Siku ya kurekodi. Nyimbo za Karanja zimeingia vizuri. "Washa Tena" imekataa. Vitambaa vya Ramesh vinameza kila pigo. Tumerudia na kurudia. Ni mto wa kulalia unapigwa. Nikaanza kuogopa kwamba kelele zote nilizopiga zilikuwa za bure, na kwamba ngoma ni za Murithi kweli.

Karanja ndiye aliyeona shida. Akasema lori haliwashwi dukani, huwashwa gereji. Sijui kwa nini nilitaka kulia.

Tukapakia mashine kwenye pikapu ya Ramesh, blanketi na yote, mpaka Gatitu. Mama alikuwa mlangoni, mikono kifuani. Nilimweleza rekodi itaitwa nani. Akaenda jikoni, akatoka na kigoda. Akaingia gerejini, akaketi chini ya spana za Baba.

Nikapiga. Mabati yakajibu, minyororo ikalia ukutani, Karanja akanguruma na gitaa lake. Mara moja tu, na ikatosha. Mwishoni kabisa, kabla Ramesh hajazima, ng'ombe akalia. Ramesh alitaka turudie. Tukakataa wote, Mama akiwa wa kwanza.

Jioni akakamua. Ndoo imejaa. Nilimtazama Mama tu.

Jumapili, 30 Juni

Rekodi zimefika kutoka Nairobi. Kwenye jalada ni mimi na Karanja, tumesimama mbele ya mlango wa gereji. Juu, kwa herufi kubwa, jina la Baba: WANJOHI.

Baada ya kanisa tumempelekea Mama ya kwake. Hana gramafoni, tumebeba ya Ramesh. Lakini hakutaka tuicheze kwanza. Aliishika kwa mikono miwili. Akasoma jina, akapitisha kidole juu yake, taratibu. Kikombe chake cha chai kilikuwa mezani, alikuwa ametusubiri.

"Mzee, umechelewa," akaiambia. "Chai imepoa."

Kisha akainuka akaipasha moto.