Gia za Baiskeli ya Mama

Mume wangu mpenzi,

Sisi hatujambo, na bati uliloziba kabla hujaondoka halivuji tena. Habari kubwa ni kwamba ile baiskeli kuukuu ya mbio aliyoendesha mama yako ujanani sasa naiendesha mimi, na mwalimu wangu ni yeye mwenyewe.

Gia zake zinanitoa jasho. Vijiti vya kubadilishia viko chini kwenye fremu, hivyo lazima niachie usukani kwa mkono mmoja, na uoga wangu unaujua. Siku ya kwanza nilivuta kijiti huku nimesimama, na nilipoanza kukanyaga cheni ikachomoka. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

"Mwanangu, zungusha miguu kwanza, ila usikandamize. Kisha sogeza kijiti taratibu huku unasikiliza. Ikiacha kukwaruza, imeingia."

Jana nimepanda kilima cha hospitali bila kushuka. Mama alikuwa ametangulia kwa basi, akanisubiri langoni. Nilipofika nikihema, alinifuta uso kwa leso yake.

"Sasa sina wasiwasi," akasema. "Utaweza kuja kuniona."

Hapo ndipo nilipojua. Mwisho wa mwezi analazwa, anatolewa uvimbe kwenye titi. Amenikataza nisikwambie, eti utaacha kazi bure. Nikamwitikia, "Sawa, Mama," kisha nikarudi kukuandikia.

Ukimpigia simu atakwambia ni mzima. Mkubalie tu, halafu uje. Anaogopa, na mimi pia.

Mkeo akupendaye