Hedifoni Ulizonichagulia Majengo

Somo yangu wa zamani, uliye Mbeya,

Nilitaka kuanza kwa neno "mpendwa", nikaona nitakuwa nimesema uongo kabla ya koma ya kwanza. Nakuita somo kwa sababu hilo hatuwezi kulifuta: tulibatizwa jina moja, na kila mwaka tuliila sikukuu ya jina letu kwenye sinia moja nyumbani kwa mama yangu, ambaye nawe ulimwita mama. Naiandika barua hii wazi, isomwe na yeyote, kwa kuwa ulichonitenda ulikitenda mbele za watu.

Unaikumbuka siku tuliyokwenda kununua hedifoni? Upepo wa Sumbawanga ulikuwa ule unaowafanya watu wazima waweke mikono kwapani. Nilikuwa nimerudi na shahada yangu, na kompyuta ya mtumba niliyoipakata mapajani tangu Dar es Salaam. Tulikusudia kurekodi chumbani kwangu wimbo niliomtungia mama: wewe uimbe, binamu yako apige gitaa, mimi nichanganye sauti. Spika za kazi hiyo hatukuzimudu, kwa hiyo tukaingia mtaa wa Majengo, dukani kwa Mzee Nasoro, kutafuta hedifoni tutakazozimudu.

Baba zetu walipanga foleni kununua kilichokuwepo. Sisi tulikuta milango ya biashara imefunguliwa, na mbele ya rafu ile nilijiona raia wa zama mpya, mwenye haki ya kuchagua. Nikachagua kama vijana wote wa mji huu wanavyochagua: tulimwomba mzee aweke kanda ya dansi, moja ya zile zinazovushwa ziwa kutoka Kongo hadi Kasanga, tuone hedifoni ipi itatikisa zaidi. Zile nyeusi, nene, zenye mistari ya fedha, zilinitikisa meno. Zile za kijivu, zenye sponji kama ya kusugulia sufuria, zilitoa muziki mkavu.

"Mzee, tupatie nyeusi."

"Nyeusi ni za kujistarehesha, kijana. Zinaongeza besi zenyewe. Kama ni za kazi, chukua za kijivu."

Nikamsomea maandishi ya boksi. Nikamweleza nadharia ya mawimbi ya sauti, kwa utaratibu, kama anayetetea tasnifu. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Haya, profesa," akasema. "Lakini boksi halina masikio."

Nikakugeukia wewe, uliyewahi kuimba na bendi Mbeya, uliyekaa studio nikiwa bado nakariri. Ukanipiga begani. "Somo, unabishana na muuza betri? Nyeusi ndiyo yenyewe." Nikakuamini.

Siku ya kurekodi, mashine ya kusaga ya jirani ilikuwa ikinguruma. Tulipokaribia kumaliza niliiacha maiki wazi, nikatoka kwenda kumwomba mwenye mashine atusubiri dakika tano tu. Nilirudi na unga kwenye nyusi, nanyi mkanicheka. Nami nilicheka. Kicheko kile nilikihifadhi muda mrefu miongoni mwa mambo mema ya ujana wetu.

Wiki mbili nilichanganya nikiwa nimevaa zile nyeusi. Zilinipa besi ambayo haikuwemo kwenye wimbo. Nami, nikidhani imezidi, nikaipunguza, kisha nikaipunguza tena. Kisha ikaja harusi ya dada yako. Ulisisitiza wimbo upigwe hapo kwa mara ya kwanza, ukumbi ukiwa umejaa. Wimbo ulitoka kwenye spika ukilia kama inzi ndani ya kopo. Waliokuwa wamesimama kucheza wakaketi. Bibi mmoja aliyekaa karibu nami akaniinamia kwa huruma.

"Mjukuu wangu, mbona muziki wako una njaa?"

Nawe ukaishika maiki ya mshereheshaji. "Jamani, mimi niliimba tu. Mpishi ni somo yangu pale, yule mwenye digrii."

Ukumbi mzima ukanigeukia. Wiki iliyofuata uliondoka kwenda Mbeya na nakala ya sauti zote tulizorekodi, na baada ya miezi wimbo ukasikika redioni, umeshiba besi. Mtangazaji akasema mtunzi ni wewe, akataja na jina la baba yako. Mama alikuwa akichambua maharage. Akaacha.

"Kumbe aliyenitungia ni somo yako?"

Alinisomesha kwa kubeba magunia ya mahindi mgongoni, na kitu pekee nilichokuwa nimemrudishia kilikuwa na jina lako.

Nilirudi kwa Mzee Nasoro. Sikubishana. Nilimwambia wazi kwamba nilikosea, sentensi ambayo chuo kizima hakikuwahi kunifundisha kuitamka. Hakunisimanga. Alinipa za kijivu, akaniagiza nisikilize kwa sauti ya chini, kisha nikaupime wimbo kwenye redio ya duka lake na kwenye spika mbovu ya kinyozi wa jirani. Ukieleweka kote huko, umekaa sawa.

Nikafungua upya sauti zetu ili niuchanganye wimbo kwa mikono yangu. Nilipofika kwenye kipande cha mashine ya kusaga, nilikipunguzia ngurumo ya chini ili nijue pa kukatia. Zile nyeusi zilikuwa zikiikuza ngurumo hiyo hadi ikafunika kila kitu. Katika za kijivu, somo, ilikaa kando kama pazia, na nyuma yake nikamsikia binamu yako.

"Mbona ulimchagulia zile? Si mzee alisema hazifai?"

Nawe ukajibu, taratibu, ukitafuna kitu:

"Ndiyo maana. Huyu akishasoma kitabu hasikii mtu. Wacha auharibu, mimi naupeleka Mbeya."

Nilirudisha nyuma mara nyingi, kama msomaji anayeshuku kwamba ameruka mstari. Halafu nilimvika mama hedifoni. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Alizivua, akazikunja waya vizuri.

"Akija, nitamwitikia salamu," akasema. "Lakini asiniite mama."

Nimeumaliza wimbo. Besi imekaa panapostahili, na sauti yako, nakiri, ni nzuri. Sikuigusa, maana sitaki useme nilikuonea. Gitaa linaponyamaza, nimeacha nukta chache za kimya, kisha nimeyaacha maneno yenu, kwa sauti ileile ya chini mliyoyasema nayo, nyuma ya mashine. Sikuyapandisha hata kidogo. Nakala ya kwanza nilimpa Mzee Nasoro. Ameiacha kanda ya dansi, sasa kila kijana anayeingia Majengo kutafuta hedifoni huwekewa wimbo wa mama yangu hadi mwisho, na mzee humuuliza, "Baada ya gitaa, jamaa amesema nini?" Anayeweza kuyakariri maneno yako huambiwa achukue hizo alizovaa. Asiyeyasikia huambiwa azirudishe rafuni.

Wengi wameshayakariri. Ukija nyumbani kwa sikukuu yetu, pita dukani ujaribu zile nyeusi. Bado zipo, na ndizo pekee Majengo ambamo hujasema kitu.

Ni mimi, somo yako,
niliyekuwa sisikii mtu.